Samsoni, Mgeni Niliyemlisha Senene

Nimewaona, vijana. Mmetoka chuoni na mabuti mapya na mikoba ya dawa, na tangu mfike hapa Muleba mnanicheka chini chini kwa sababu ya tabia yangu moja. Nimestaafu siku nyingi, lakini watu bado wananiita kuwaangalia mifugo yao, na kila nikiitwa, kabla mwenye mnyama hajamaliza kueleza, mimi nimeshamfungua mnyama mdomo. Juzi mmoja wenu aliniuliza mbele za watu, "Mzee Deo, ndama anachechemea mguu wa nyuma. Huko mdomoni unatafuta nini?" Nilimjibu hovyo, maana magoti yalikuwa yananiuma, na swali lenyewe lilikuwa zuri. Leo magoti yametulia, kwa hiyo nitalijibu.

Tabia hiyo sikuipata chuoni. Niliipata kwa mnyama mmoja aliyeitwa Samsoni, wakati wa Mwingereza, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Samsoni hakuwa ng'ombe wala mbuzi. Alikuwa mjusi mkubwa wa kijani, urefu wake pamoja na mkia ukizidi mkono wangu, mwenye miba laini mgongoni na ngozi inayoning'inia chini ya kidevu. Waliomfuga walimwita iguana. Sisi tulimwita kenge wa Mzungu, na makosa yangu yote yalianzia hapo.

Niwaambie kwanza la mkia, mcheke tuliondoe njiani. Wiki ya kwanza ya kumtunza, Samsoni alinitoka mikononi barazani akakimbilia kwenye maua. Mimi nikafanya kama ningefanya kwa mnyama yeyote anayetoroka, nikamdaka mkia. Mkia ukabaki mkononi mwangu, mwenye mkia akaendelea na safari. Nao ukawa unajipindapinda peke yake, nikautupa sakafuni kwa hofu, ukaendelea kurukaruka hapo. Mpishi wetu, Ta Zakaria, mtu mzima mwenye wajukuu, nilimkuta amesimama juu ya meza ya jikoni ameshika mwiko.

"Mawe!" akapiga yowe la Kihaya. "Deo, umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu. "Umekatika wenyewe."

"Samsoni wa Biblia walimnyoa nywele," akasema kutoka kule mezani. "Huyu wako umemnyoa mkia. Ninyi Wakatoliki hamsomi, ndiyo maana."

Mkia uliota tena, mfupi na mweusi kuliko wa kwanza. Basi shikeni hilo: mnyama wa aina ile hashikwi mkia hata siku moja. Unampitishia mkono chini ya tumbo, unaiacha miguu yake ilale juu ya mkono wako, unambana kidogo ubavuni mwako, naye anatulia.

Nyumba ilikuwa Bukoba mjini, upande wa ziwani, ya Bwana Shamba Mwingereza aliyesimamia kahawa. Kilimo alikisomea Trinidad, kisiwa cha mbali huko karibu na Amerika ya Kusini, na Samsoni alitoka naye huko akiwa mdogo wa kutosha kwenye kiatu. Mimi nilikuwa mtu wa bustani. Nilipanga chumba Hamugembe, nikatembea kwa miguu kila asubuhi kwenda kupalilia maua ambayo hayaliwi, kazi ambayo mama yangu kule Buganguzi hakuielewa mpaka anakufa.

Msidhani nilichaguliwa kumtunza Samsoni kwa akili zangu. Nilichaguliwa kwa sababu ya muziro. Mnajua kila ukoo wa Wahaya una kiumbe chake ambacho watu wake hawakili na hawakigusi, maana kinahesabiwa kama ndugu; ndio muziro wao. Ta Zakaria alikuwa Mlutheri wa kweli, mwimbaji wa kwaya, lakini muziro wa ukoo wake kule Rubafu ulikuwa kenge, na hapo kwaya haikumsaidia. Alikataa sahani ya Samsoni isiingie jikoni kwake. Alikataa kupita karibu na kizimba. Akienda stoo alizunguka nyumba nzima, hata mvua ikinyesha. Muziro wetu sisi ni tumbili, kwa hiyo Memsahibu, mke wa Bwana Shamba, alipouliza nani hana shida na mnyama huyu, vidole vyote vilielekezwa kwangu.

Memsahibu alimpenda Samsoni mno, na kwa miezi kadhaa alimlisha mwenyewe, mimi nikisafisha kizimba tu. Kisha ikaja barua kwamba mama yake ni mgonjwa huko kwao, ikabidi asafiri. Siku ya kupanda meli alinishika mkono barabarani, jambo ambalo mamemsahibu hawakufanya, akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Deo, majani na maua. Majani na maua tu." Bwana Shamba naye akaniita pembeni. Alijua nilitamani kazi ya mifugo; nilikuwa nimemsumbua vya kutosha. Akaniambia kwamba ofisi ya mifugo inatafuta vijana wa kwenda kusoma Mpwapwa. Memsahibu akirudi amkute Samsoni mzima, yeye ataniandikia barua ya kunipendekeza. Asipomkuta mzima, nitarudi kwenye palizi na huko nitabaki.

Sasa nisikilizeni vizuri. Yule mama aliniambia wazi, tena mara mbili, na mimi sikufuata. Sikuwa mvivu wala mkaidi. Niliona aibu. Kwetu mgeni halishwi majani. Majani ni ya mbuzi, na ya nyumba ambayo mambo yameiendea vibaya. Mgeni akija unamtafutia samaki, na kama ni msimu, unamkaangia senene, panzi wetu wanono. Na huyu alikuwa mgeni wa kweli, ametoka ng'ambo ya bahari, nimekabidhiwa mimi. Isitoshe nilijua kenge anakula nini, nani hajui? Mayai, samaki, vifaranga vya watu. Nikajisemea, Memsahibu hajui mnyama wake, amemfunga njaa miaka yote kwa kutojua. Atakaporudi atamkuta amenenepa, ataniuliza, Deo, umefanyaje?

Msimu ulikuwa wa senene. Walidondoka kwa wingi mwaka ule, mji mzima ukawaokota. Sehemu yangu yote nilimpelekea Samsoni. Nilijinyima senene, vijana, ninyi mnaowanunua kwenye vifuko hamjui maana ya neno hilo. Nikamwongezea mayai ya kuchemsha, dagaa, vichwa vya kuku, na ndizi mbivu za kuteremshia. Alikula! Alikula vyote kwa pupa, akanenepa mashavu, na Bwana Shamba akipita akitoka safari zake za kukagua kahawa, akaniambia, "Vizuri, Deo." Kwa kuwa mvua za Bukoba ni baridi, nikakisogeza kizimba ndani, nyuma ya dirisha kubwa la kioo, apate jua bila kulowa. Nikajiona daktari kabisa.

Miaka mingi baadaye nilimkuta baba mmoja karibu na Buganguzi analia nje ya zizi. Alikuwa amepata ng'ombe wake wa kwanza wa maziwa, na siku ya kumpokea akampikia sufuria mbili za ndizi zenye chumvi, kwa sababu ni mgeni, amechoka safari. Ng'ombe alivimba ubavu mpaka akawa hawezi kusimama. Wenzangu walimcheka mzee yule. Mimi sikucheka. Nilivua shati nikaanza kumsugua ng'ombe tumbo, na alipopona nikamwambia mwenyewe, "Mzee wangu, nakufahamu tangu zamani."

Samsoni alianza kubadilika baada ya miezi miwili hivi. Kwanza aliacha kupanda gogo lake. Kisha vidole vikaanza kumtetemeka akitembea. Mashavu niliyojivunia hayakuwa mafuta, ilikuwa taya inavimba, na nilipoibonyeza kwa kidole iliingia ndani kama ganda la yai bovu. Mguu wa mbele wa kushoto ukapinda. Mwisho akawa analala tu, macho nusu, hata senene haonji. Na mimi, nikiona hataki, nilimtafutia wengine walionona zaidi.

Bwana Shamba alikuwa safarini tena. Niliogopa, nasema bila kuficha. Niliiona barua yangu inazama. Na tuseme ukweli wote, mwanzoni niliilia barua kuliko nilivyomlilia mnyama. Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa kanisani natazama chini. Nilikwenda jikoni, nikamkuta Ta Zakaria anamenya ndizi.

"Ta Zakaria, waitu, kwenu Rubafu kenge si wako wengi pale majini?"

"Wapo. Kwa nini?"

"Nikipata mmoja mdogo, wa saizi ya Samsoni... Memsahibu amekaa mbali muda mrefu. Atajuaje?"

Aliweka kisu chini taratibu. Sijawahi kumwona mtu mpole akikasirika vile.

"Unataka nikupe ndugu yangu umfungie kwenye kizimba, ili wewe upate barua?"

"Huyu anakufa, waitu."

"Anakufa kwa sababu gani?"

"Sijui."

"Umemtazama?"

Nikamwambia namtazama kila siku. Kisha, mtu aliyekuwa akizunguka nyumba nzima kwenye mvua ili asimwone Samsoni, akafuta mikono kwenye aproni na kuingia sebuleni. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye kizimba, mikono nyuma, akainama.

"Mfungue mdomo."

Taya ilikuwa laini, nikaifungua kwa kidole kimoja, polepole.

"Ulimi wake uko wapi?"

"Ndio huu."

"Huo?" Akasogea hatua moja. "Ulimi wa kenge ni mrefu, umepasuka mbele kama wa nyoka. Tunamjua kenge sisi, tumekatazwa kumgusa, hatukukatazwa kumtazama. Bibi yangu alitukalisha pale ufukweni tukawatazama siku nzima. Huu ni ulimi mnene, mfupi. Hebu meno."

Nikamwinua Samsoni kuelekea dirishani. Meno yalikuwa madogo, bapa, yamepangwa karibu karibu, na kingo zake zina vijino vingine kama vya msumeno.

"Kenge ana meno ya kushika na kuponda," Ta Zakaria akasema. "Hayo ni ya kukata. Kukata nini? Majani. Mwana wange, huyu si kenge. Huyu ni mbuzi." Akakaa kwenye kiti cha Bwana Shamba, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Miezi yote hii ninalowa mvua kwa kumkimbia mtu ambaye hata si wa ukoo wetu!"

Mimi sikucheka. Yalinirudia maneno ya Memsahibu, majani na maua tu. Nililia pale pale, na safari hii sikuwa nalilia barua. Ta Zakaria aliniacha nilie, kisha akanyoosha kidole kimoja, akamgusa Samsoni kichwani kwa mara ya kwanza.

"Wewe ulimkarimu, mimi nilimwogopa," akasema. "Hakuna aliyemtazama. Sasa inuka, ukatafute majani."

Nililotoka nalo pale ndilo hili mnaloniona nikilifanya. Watu watakupa jina la mnyama, jina la ugonjwa na jina la jirani aliyewaroga. Meno hayajui majina hayo. Fungua mdomo, utaona anakula nini, ana umri gani, ana damu au hana, na mara nyingi utaona anachokuficha mwenye mnyama.

Tulimtibu wawili, mpishi na mpalilia maua. Asubuhi nikitoka Hamugembe nilichuma matembele kwa mama mwenye nyumba, akinicheka kwamba nimefilisika. Ta Zakaria alileta majani ya maboga machanga. Maua ya haibiskasi yalikuwa pale pale bustanini, nikayachuma mimi niliyeajiriwa kuyatunza. Kwa kuwa Samsoni hakuweza kutafuna, tuliyaponda kwenye kinu cha jiko lile lile ambalo sahani ya Samsoni ilikuwa marufuku kuingia, tukamlisha kwa ncha ya kijiti. Maganda ya mayai tuliyakausha, tukayasaga yakawa unga, tukamnyunyizia kidogo juu ya majani.

La jua alilitambua Ta Zakaria vilevile. "Kenge wetu hulala juu ya jiwe," alisema. "Sijaona kenge anayelala nyuma ya kioo." Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mawe, nikawatazama wale mijusi wa mawe wenye vichwa vyekundu. Mvua ikikatika tu, hata jua likiwa hafifu, walitoka wakajibandika juu ya mwamba. Jua likizidi walihamia kivulini, kisha wakarudi tena. Basi kila jua lilipotoka nilimbeba Samsoni mpaka kwenye mwamba ule, nusu juani na nusu kivulini achague mwenyewe, nikakaa naye kumlinda na mwewe. Siku za mvua tulimwekea chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kipande cha blanketi. Huko Mpwapwa ndiko nilikoambiwa kwamba kile kinachokaza mifupa katika mwanga wa jua hakipiti kwenye kioo. Nilipolisikia hilo darasani nilisema kwa sauti, "Ta Zakaria alijua," mwalimu akaniuliza huyo ni profesa wa wapi.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Siku ya ishirini na kitu alikula ua zima bila kupondewa, na Ta Zakaria akapiga vigelegele kama mwanamke. Taya ikakaza polepole. Kutetemeka kukaisha. Mguu wa kushoto haukunyooka tena, na mkia ulikuwa ule wa kiraka.

Kiangazi kilipoanza Memsahibu akarudi. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye mwamba na viatu vyake vya safari, Bwana Shamba nyuma yake, akamwinua Samsoni, akampapasa. Akaugusa mguu.

"Huu umepatwa na nini?"

Kabla sijafungua kinywa, Ta Zakaria akasema, "Alianguka mtini, Memsahibu." Mtu yule, ambaye hata kwa ajili ya sukari ya jikoni hakuwahi kudanganya, alisema uongo ule kwa ajili yangu. Ningeweza kunyamaza na mambo yangeishia hapo. Bwana Shamba alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Hakuanguka," nikasema. "Nilimlisha samaki na senene. Uliniambia majani, nikaona ni aibu. Karibu nimuue."

Nikaeleza yote, hata la kenge wa Rubafu. Tabasamu la Bwana Shamba likaisha. Alisema nilipewa agizo moja tu na sikulifuata, na kwamba mtu kama huyo hamwandikii barua. Akaingia ndani. Siwezi kusema alikosea.

Siku nne nilipalilia maua. Kila asubuhi nilimtoa Samsoni juani kama kawaida, maana hilo hakuna aliyenikataza. Siku ya tano Memsahibu alikuja akakaa juu ya mwamba karibu nami, akaniuliza jinsi tulivyogundua. Nikamwonyesha ulimi na meno. Akaniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia kwa mpishi wake. Jioni alinipa bahasha, ndani ameandika yeye, chini ametia sahihi Bwana Shamba.

Katika ofisi ya mifugo karani aliisoma akacheka. "Bwana mkubwa, huyu bibi anasema kijana alikaribia kumuua mnyama wake kwa ukarimu, akamponya, kisha akakataa kudanganya. Hii nayo ni sifa?"

Bwana Mifugo, Mwingereza mzee mwenye kikohozi, alikuwa na barua nyingine juu ya meza yake. Akazisukuma pembeni kwa kiwiko. "Hawa wote wameandikiwa kwamba hawajawahi kukosea," akasema. "Siwezi kumfundisha mtu wa namna hiyo. Mwandike huyu."

Niliondoka Bukoba Novemba, senene wakidondoka tena. Ta Zakaria alinisindikiza mpaka gatini akiwa na aproni yake, ameshika furushi la jani la mgomba lililofungwa vizuri, bado la moto. Mkewe alikuwa ameamka mapema kuwakaanga senene. Aliniwekea furushi mkononi, lakini hakuliachia mara moja.

"Hawa," akasema, "kula mwenyewe."